Namna sahihi ya kuhesabu pumzi na kukagua kifua cha mtoto mgonjwa katika zahanati

Swali — Muuguzi wa Kijijini

Shikamooni wakubwa, na habari za kazi wenzangu. Mimi ni muuguzi katika zahanati moja ya vijijini mkoani Morogoro, ambako siku nyingi tunakuwa wawili tu, mimi na tabibu, na asubuhi benchi la nje hujaa akina mama wenye watoto wa chini ya miaka mitano. Ninaomba msaada katika jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini mimi linaninyima utulivu: tathmini ya mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida.

Mwongozo wa IMCI, ule wa kutathmini na kutibu kwa pamoja magonjwa ya watoto wadogo, ninaufahamu. Ninajua kwamba mtoto wa miezi 2 hadi 11 anahesabiwa kuwa anapumua haraka akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika, na kwamba kuanzia miezi 12 hadi kabla ya kutimiza miaka 5 kikomo ni 40. Ugumu uko katika kutenda. Hivi karibuni nilimhesabu mtoto wa miezi tisa ambaye alikuwa ametoka kulia, nikapata 56. Tabibu alimhesabu muda mfupi baadaye akiwa ananyonya, akapata 44. Kwa hesabu yangu mtoto ana nimonia na anastahili amoksisilini. Kwa hesabu yake ana mafua na anarudi nyumbani na ushauri tu. Kila mmoja wetu alihesabu kwa makini, na bado hatukukubaliana.

Jingine ni kifua kubonyea. Wapo watoto ambao nikiwatazama naona ngozi ikiingia ndani katikati ya mbavu, wengine juu ya mfupa wa bega, wengine chini kabisa ya mbavu, na wengine huonekana hivyo wakilia tu. Ni ipi hasa inayohesabika? Isitoshe, tumepata oksimita ya kidole, kile kifaa cha kupima oksijeni katika damu, lakini kwa mtoto mmoja inasoma 84, ukiisogeza kidogo inasoma 97, na sijui niamini ipi.

Nilipofungua daftari la zamani la wagonjwa katika kituo nilichokuwapo kabla ya hapa, nilikuta safu ya upumuaji imejazwa namba 30 kuanzia juu ya ukurasa hadi chini. Sitaki daftari langu liwe hivyo. Naombeni mnieleze mnavyofanya ninyi, hatua kwa hatua, mkizingatia kwamba foleni ipo na mikono ni michache.

Jibu — Tabibu Mstaafu

Marahaba, binti yangu. Swali lako si dogo hata kidogo. Katika vipimo vyote vinavyoandikwa mlangoni mwa zahanati, upumuaji ndio unaoandikwa bila kupimwa mara nyingi kuliko vingine, kwa sababu hauna chombo kinacholia wala kuonyesha namba. Unadai jicho la mtu na dakika yake nzima. Nami nitakaa hapohapo kwenye kuhesabu, mengine wenzangu watayajazia.

Anza kumtazama mtoto akiwa bado mbali nawe. Mama anapoinuka kwenye benchi na kuingia, tazama kama mtoto anageuza kichwa kukuangalia, kama anashika khanga ya mama, kama shingo yake imelegea begani. Usimguse bado. Hapo hapo muulize mama maswali ya dalili za hatari: je, anaweza kunywa au kunyonya? Je, anatapika kila kitu anachopewa? Je, amepata degedege katika ugonjwa huu? Kisha thibitisha mwenyewe kama mtoto amelegea au hana fahamu. Ikiwapo hata moja kati ya hizo, huyo ni mtoto wa dharura. Kamilisha tathmini yako haraka, mpe matibabu ya awali na uandae rufaa, wala usikae ukitafuta hesabu kamilifu ya pumzi.

Kama hakuna dalili ya hatari, basi hesabu pumzi kabla ya jambo lolote linaloweza kumliza. Hapa ndipo vituo vingi vinapojiharibia kazi. Mtoto anaingia, anavuliwa nguo, anatundikwa kwenye mzani wa kuning'inia, anawekwa kipimajoto kwapani, anatobolewa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria, halafu ndipo mtu anakumbuka kuhesabu pumzi za mtoto ambaye sasa anapiga mayowe. Badilisha mpangilio huo. Kutazama na kuhesabu kwanza. Joto, uzito na kidole vifuate. Haikuongezei kazi yoyote, ni kuhamisha tu.

Mwache mtoto mapajani kwa mama, amelala chali au ameegemea kidogo, uso wa mama ukielekea dirishani ili mwanga uangukie kifua. Mwombe mama mwenyewe apandishe fulana taratibu, maana mkono wa mtu mwenye koti jeupe unatosha kumwamsha na kumtia hofu. Watoto wetu huvalishwa sweta juu ya sweta, na mtu akihesabu juu ya sweta anahesabu mtikisiko wa nguo. Chuchumaa au kaa ili macho yako yawe usawa wa tumbo la mtoto, kisha chagua sehemu moja ambapo mwendo unaonekana vizuri, tumbo au sehemu ya chini ya kifua, ushikamane nayo hadi mwisho. Kupanda na kushuka ni pumzi moja.

Hesabu sekunde 60 kamili. Najua wengi huhesabu sekunde 15 wakazidisha kwa nne. Tazama hesabu hiyo inavyodanganya: ukipata pumzi 12 katika sekunde 15 utaandika 48, na mtoto wa miezi tisa hana nimonia, ukipata 13 utaandika 52, naye anayo. Pumzi moja tu, ambayo huenda ilianza kabla hujatazama saa, imeamua kama mtoto atapewa dawa au hatapewa. Tena watoto wadogo hawapumui kwa mwendo mmoja. Wanaharakisha, wanatulia, wanaharakisha tena, na sekunde 15 zinaweza kuangukia upande wowote.

Macho hayawezi kuwa kwenye saa na kwenye kifua kwa wakati mmoja. Tumia kengele ya simu iliyowekwa dakika moja, au umwombe mwenzako akuambie "anza" na "basi". Kile kipima-muda kidogo kilichosambazwa na UNICEF hulia katika nusu dakika na tena katika dakika moja. Kama kipo kabatini kwenu na betri bado nzima, kitoe kitumike. Sehemu nyingine wahudumu wa afya ngazi ya jamii hutumia shanga za kuhesabia, wakisogeza ushanga mmoja kwa kila pumzi, na kwa mtu anayepotea katikati ya hesabu hilo ni msaada wa kweli.

Sasa nije kwenye 56 na 44 zenu. Hesabu zote mbili hazifai kutumika. Mtoto aliyetoka kulia anapumua haraka kwa sababu ya kilio, na mtoto anayenyonya anakatisha pumzi ili ameze, kwa hiyo mwendo wake si wa kawaida. Kinachotakiwa ni mtoto aliyetulia, ambaye halii wala hanyonyi. Mpe mama nafasi amnyonyeshe, aachie titi lenyewe, mngoje kidogo, kisha hesabuni. Wakati huo wewe unaendelea na mgonjwa anayefuata. Mama haondoki, anakaa palepale pembeni ya meza. Hesabu ikiangukia karibu na kikomo, rudia mara nyingine. Na ukimkuta amelala usingizi, shukuru: hesabu kwanza, kagua kifua, kisha ndipo umwamshe uone kama anaamka sawasawa.

Katika daftari usiandike namba peke yake. Andika "52, ametulia" au "58, amelala". Maneno hayo mawili yatamsaidia sana atakayempokea kesho.

Jibu — Sista wa Wodi ya Watoto

Dada yangu, salamu kutoka Pwani ya Kenya. Mzee amelimaliza la kuhesabu, mimi nitaanza na kifua, kwa kuwa wodini kwetu tunapokea watoto wengi wenye barua ya rufaa inayosema kifua kinabonyea, na tukiwatazama tunakuta vitu tofauti kabisa.

Tazama mtoto anapovuta pumzi ndani. Kwa kawaida, akivuta, kifua chote pamoja na tumbo hutoka nje. Kwa mtoto mwenye tatizo, anapovuta, sehemu ya chini ya ukuta wa kifua, yaani mbavu za chini zenyewe, huingia ndani ilhali tumbo linatoka nje. Hiyo ndiyo inayohesabika katika mwongozo. Ngozi laini ya katikati ya mbavu au ya juu ya mfupa wa bega ikiingia peke yake, inakuonyesha kwamba mtoto anatumia nguvu, nawe uiandike, lakini usiite hiyo kifua kubonyea. Vilevile lazima iwe inaonekana wazi na iwepo muda wote. Ikionekana akilia au akinyonya tu, halafu ikatoweka akitulia, haipo.

Kuna kosa moja la mkao linalowapata wengi. Mtoto akiwa ameketi amejikunja kiunoni mapajani kwa mama, mbavu za chini husogea vibaya na huwezi kusema lolote la uhakika. Mwombe mama amlaze amenyooka, kisha tazama tena. Na ukiendelea kuwa na shaka baada ya kumlaza vizuri na kwenye mwanga, basi ichukue kuwa haipo, kwa sababu yenye maana huonekana bila kubishaniwa.

Ukiwa bado hujaondoa macho, sogeza sikio karibu na mdomo wa mtoto. Sauti ya kukoroma kwa ukali anapovuta ndani, akiwa ametulia, inatoka kwenye njia ya juu ya hewa na ni dalili ya kumpeleka hospitali. Sauti ya mluzi anapotoa pumzi inatoka chini, kwenye vijia vya mapafu. Sauti fupi ya kuguna kila anapotoa pumzi, au kichwa kinachotikisika kila anapovuta, huonyesha kwamba mtoto amechoka kupambana. Angalia pia ulimi na fizi kama vina rangi ya bluu. Kwa watoto wenye ngozi nyeusi usiitafute rangi hiyo kwenye midomo ya nje wala kwenye ngozi.

Kuhusu tiba, waliosoma zamani wakumbuke kwamba Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mpangilio mwaka 2014. Mtoto wa miezi 2 na kuendelea ambaye kifua kinabonyea lakini hana dalili za hatari, ambaye zamani alipelekwa hospitali moja kwa moja, sasa anaweza kutibiwa nyumbani kwa amoksisilini ya kunywa na kufuatiliwa kwa karibu, isipokuwa kama ana maambukizi ya VVU au alizaliwa na mama mwenye VVU na hali yake haijathibitishwa. Ufuate mwongozo wa wizara yenu ulio mezani, lakini ujue sababu ya mabadiliko hayo.

Oksimita sasa. Kabla ya kuamini asilimia ya oksijeni, tazama mapigo ya moyo ambayo kifaa kinaonyesha. Mshike mtoto mkono, hesabu mapigo yake mwenyewe. Kama kifaa kinasema 90 na wewe unahesabu 150, kifaa hakijashika kitu na asilimia yake haina maana. Kifaa cha kidole cha mtu mzima hakikai kwenye kidole cha mtoto mchanga, kinapwaya na kuingiza mwanga wa nje. Kama mna kile chenye waya na kitambaa cha kufunga, kifungeni kwenye unyayo au kidole gumba cha mguu. Vidole vikiwa vya baridi vipashe joto kwanza mikononi mwako, mtulize mtoto, ngoja mpaka namba ikae bila kurukaruka, kisha soma. Rangi ya kucha na piko nyeusi navyo huweza kuvuruga usomaji, hivyo tafuta kidole kisichopakwa. 84 yako na 97 yako huenda zote zilisomwa kabla kifaa hakijatulia.

Usomaji uliotulia wa chini ya 90 unatosha kumpa rufaa hata kama mengine yanaonekana mema. Lakini usifanye kinyume chake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba vifaa hivi huweza kusoma oksijeni kuwa juu kuliko ilivyo kwa wagonjwa wenye ngozi nyeusi, na hao ndio wagonjwa wetu. Mtoto anayeguna, aliyechoka na asiyenyonya hawezi kurudishwa nyumbani kwa sababu kioo kinaandika 93.

Mwisho kwa upande wangu, usiache mikono na miguu. Gusa viganja vyake: vya joto au vya baridi? Bonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka paache wekundu, achia, uhesabu sekunde mpaka rangi irudi. Shika mapigo: yana nguvu, au ni dhaifu na ya kasi? Mshtuko wa damu (mzunguko wa damu kushindwa kazi), kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, unahitaji vitu vyote kwa pamoja, yaani viungo vya baridi, rangi kuchelewa kurudi zaidi ya sekunde tatu, na mapigo dhaifu ya kasi. Nasisitiza hilo kwa sababu ya utafiti wa FEAST uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2011. Watoto 3,141 waliokuwa na homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu walishirikishwa. Waliomiminiwa maji mengi ya haraka mshipani walikufa zaidi ndani ya saa 48, asilimia 10.5 hivi, ikilinganishwa na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakumiminiwa. Ndiyo maana mkono wa baridi peke yake haukupi ruhusa ya kufungulia dripu ikimbie.

Jibu — Mkufunzi wa Uuguzi

Ninawashukuru walionitangulia. Ningependa niongeze upande wa mahojiano na mama, kwa kuwa wanafunzi wangu huyachukulia kama maneno ya kupitisha wakati huku wakitafuta kipimajoto.

Anza na swali lililo wazi, kisha nyamaza. "Mama, nieleze ugonjwa wa mtoto ulivyoanza." Mama akipewa nafasi ya kusema bila kukatizwa atakupa mpangilio wa mambo ambao maswali ya ndiyo na hapana hayawezi kuutoa: mafua yalianza Jumapili, homa ikaja Jumanne, tangu jana usiku hanyonyi kama kawaida. Baada ya hapo ndipo uulize unachohitaji, na uulize kwa namna isiyomfanya ajitetee.

Mtoto mwenye kikohozi cha muda mrefu, fungua kinywa chake utazame koo kwa mwanga. Katika jamii nyingi za Tanzania kikohozi kisichokoma husemekana kuwa ni kimeo, na mtoto hupelekwa kukatwa. Mtoto aliyekatwa kimeo anaweza kuja kwako akiwa amepungukiwa na damu, ana maambukizi ya koo, au anakataa kunyonya kwa maumivu, na mama hatalitaja kama ameona kwamba jambo hilo linamletea karipio. Mimi huwafundisha wanafunzi kuuliza hivi: "Kabla ya kuja hapa mlijaribu kumsaidia kwa njia gani nyumbani?" Hapo anaweza kutaja kimeo, dawa ya kienyeji, au vidonge nusu dozi kutoka duka la dawa, na vyote hivyo vinabadilisha uamuzi wako. Yanayohusu degedege ni hayohayo: familia nyingine huamini kwamba mtoto aliyepata degedege asichomwe sindano, wakaanzia kwa mganga, na saa zilizopotea huko ni sehemu ya historia ya ugonjwa. Mtoto aliyekonda ambaye mama anatazama chini ukiuliza ulishaji, huenda nyumbani wameshamlaumu kwamba mtoto amebemendwa. Mama huyo ana aibu kubwa tayari, usimwongezee. Pima mzunguko wa mkono kwa utepe, maana kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, bonyeza miguu yote miwili kuona kama inaacha shimo, kisha zungumza naye juu ya chakula na matibabu.

Upungufu wa damu utazame viganjani. Shika kiganja cha mtoto kwa pembeni kikiwa wazi, usivute vidole nyuma kwa sababu ukivivuta unafukuza damu, ukilinganishe na kiganja chako au cha mama.

Nina hoja moja ya kupinga jambo ambalo hakuna aliyelisema hapa lakini najua lipo vichwani mwa vijana wengi: kwamba kuhesabu pumzi ni kazi ya wasiokuwa na stethoskopu. Mwaka 1984 Frank Shann na wenzake, wakifanya kazi Goroka nchini Papua New Guinea, walilinganisha dalili za watoto wenye kikohozi wakitafuta zile ambazo mhudumu wa kawaida wa kituo kidogo angeweza kuzitambua na kuzitegemea. Kasi ya upumuaji na kubonyea kwa kifua ndizo zilizoonekana kufaa, na ndizo zilizoingia baadaye katika miongozo tunayoitumia. Sauti za mapafu zinahitaji sikio lililozoezwa, chumba kimya na mtoto asiyelia, na hata madaktari wawili wakisikiliza kifua kimoja hutofautiana. Stethoskopu ina nafasi yake, hasa kutofautisha mluzi na kulinganisha pande mbili za kifua. Lakini kifua kinachosikika safi kwa mtoto wa miezi minane anayepumua mara 62 akiwa ametulia hakimwondolei nimonia.

Jibu — Muuguzi wa Kijijini

Ninawashukuru sana nyote. Leo asubuhi nimehamisha mzani ukawa baada ya kuhesabu pumzi, na tabibu ameridhia.

Nina maswali mengine mawili kabla sijafunga. La kwanza, kwa mtoto wa wiki tano vikomo hivi vinabadilikaje? La pili, mtoto anapumua haraka na ana mluzi, au anapumua haraka lakini kifua chake hakina lolote na hana hata kikohozi kikubwa. Je, wote niwaandikie nimonia?

Jibu — Daktari wa Wilaya

Dada Muuguzi, maswali yako yote mawili ni ya msingi.

Mtoto wa chini ya miezi 2 ana kikomo chake: pumzi 60 au zaidi kwa dakika. Kwa kuwa upumuaji wa watoto hawa hukatika na kurudi, ukipata 60 au zaidi hesabu mara ya pili dakika nzima, na ikirudia kuwa 60 au zaidi ndipo useme anapumua haraka. Kubonyea kidogo kwa kifua ni kawaida kwao kwa kuwa mbavu zao bado ni laini. Kinachohesabika ni kubonyea kwa kina kunakoonekana mara moja. Pamoja na hayo tafuta yafuatayo bila kuyakosa: kutonyonya vizuri, degedege, joto la 37.5 au zaidi, joto la chini ya 35.5, na mtoto ambaye hajongei mpaka aguswe au hajongei kabisa. Hilo la joto la chini husahaulika. Mtoto mchanga wa baridi anaweza kuwa na maambukizi makali kuliko mwenye homa. Na kama hana ila upumuaji wa haraka, umri wa siku unabeba uzito: aliye na siku 0 hadi 6 apelekwe hospitali.

Mwenye mluzi na upumuaji wa haraka au kifua kubonyea, ambaye hana dalili za hatari na amefikisha angalau miezi 2, mpe salbutamoli ya kuvuta kwa kutumia chupa ya kati (ile inayowekwa baina ya pampu ya dawa na mdomo wa mtoto), hadi mara tatu kwa kupishanisha dakika 15 hadi 20, kisha hesabu upya na ukague kifua upya. Uamuzi uutoe kwa hesabu ya pili. Wapo watakaoshuka kutoka 54 hadi 38 mbele ya macho yako, na hao walikuwa na vijia vilivyobana.

Huyo wa mwisho, anayepumua haraka na kifua kikiwa kimya, ndiye ninayekuomba umwogope. Upumuaji wa haraka si wa mapafu peke yake. Malaria kali hufanya damu iwe na tindikali, na mtoto hupumua kwa kina na kwa kasi akijaribu kuitoa. Upungufu mkubwa wa damu hufanya vivyo hivyo. Na kuhara kwa siku kadhaa pia. Tazama kina cha pumzi, si idadi tu. Fanya kipimo cha haraka cha malaria, tazama viganja, finya ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu, mkunjo ukifuata urefu wa mwili, uone kama unarudi baada ya sekunde mbili. Pima sukari ya damu kama vitepe vipo. Sukari ya chini sana huua upesi mtoto mgonjwa asiyekula, na sukari ya juu sana kwa mtoto anayekunywa maji mengi, anayekojoa mara kwa mara na kupungua mwili, huku akipumua kwa kina, ni kisukari. Watoto hao huja wakiwa wametibiwa malaria na nimonia kwa zamu mpaka wakapoteza fahamu.

Kuhusu fahamu yenyewe, kwa kituo kama chenu tumia ngazi nne rahisi: yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu, haitikii chochote. Hospitali tutampima kwa kipimo cha Blantyre, kilichotungwa Malawi kwa ajili ya watoto wadogo wenye malaria kali wasioweza kujibu maswali, chenye alama 0 hadi 5. Wewe ukiandika tu "saa 3 asubuhi alikuwa macho, saa 5 anaitikia maumivu pekee", umetupa habari kubwa kuliko namba yoyote, kwa kuwa tunajua anashuka na anashuka kwa kasi gani.

Ndivyo ninavyoomba barua za rufaa ziandikwe zote: saa ya tathmini, pumzi kwa dakika na hali ya mtoto wakati wa kuhesabu, oksijeni na mapigo, kifua, viganja, fahamu, dawa aliyopewa, kipimo chake na saa yake. Kama amepewa dozi ya kwanza ya sindano kabla ya kuondoka, andikeni wazi, kwa sababu mtoto akifika usiku na karatasi haisemi, anayempokea atalazimika kukisia kama arudie au asirudie. Na kabla gari halijaondoka, mrudie mtoto umhesabu tena, uongeze mstari wa pili chini ya ule wa kwanza.